Wagonjwa wa Bi Kidawa

Kwenye khitma ya Dresa Hamadi, mwezi uliopita, binti yake mkubwa alinikalisha mkekani karibu na mlango wa uani, akaniwekea sahani ya wali wa nazi, akanikazia macho, kisha akauliza mbele ya wanawake wote, "Shikamoo mama. Ati ni wewe uliyetaka kumfukuzisha baba kazi?" Nikamjibu marahaba, na kwamba ndiyo, ni mimi hasa, hajakosea mtu. Wanawake wakacheka kicheko kile cha matangani, kinachozibwa kwa ncha ya kanga, na mmoja akanisogezea mchuzi wa pweza. Nikaendelea kula. Nina miaka sabini na kitu, nimekaa kwenye kamati za dawa zisizo na idadi, nimebishana na wauzaji dawa wa kutoka nchi tatu kwa siku moja wakatoka wamelowa jasho, na nimefundisha vijana ambao leo wanafundisha wengine. Najivuna, sikatai. Watoto wangu huniambia nijivune kwa sauti ya chini. Lakini mtu akiniuliza kazi hii niliijulia wapi, siwezi kumtajia chuo bila kwanza kumtajia kijiji kimoja cha Mafia, upande wa Ghuba ya Chole, nilikokaa mwaka mmoja nikiwa msichana wa miaka ishirini na sita mwenye daftari tatu na majibu ya kila kitu.

Wakati ule somo langu halikuwa hata na jina la kueleweka. Nilikuwa nasoma shahada ya pili ya uchumi, na mada niliyojichagulia ilikuwa dawa: nchi changa, yenye fedha chache za kigeni, inunue dawa zipi, izigawe vipi, na kwa nini zinakwisha kabla ya wakati wake. Wenzangu walichagua pamba, korosho na katani. "Dawa?" walinicheka pale kantini. "Rehema, unataka kuwa mchumi au nesi?" Nikawaambia nataka kuwa mtu atakayewaeleza kwa nini mama zao wanarudishwa zahanati mikono mitupu. Msimamizi wangu, mtu wa miwani minene na subira kidogo, alinionyesha barua za kutoka wizarani. Zilikuwa siku za vijiji vya ujamaa, na kila zahanati ilipewa mgawo wa dawa wa miezi mitatu kwa kufuata idadi ya wanakijiji walioandikishwa. Mgawo ulikuwa wa haki. Hata mimi niliuona ni wa haki. Isipokuwa zahanati ile ya Mafia, kila mwaka, kwa miezi kadhaa, ilimaliza vidonge vya klorokwini katika wiki sita. "Kuna mwizi hapo," alisema msimamizi. "Nenda kathibitishe kwa takwimu." Nikaenda nikiwa nimeshamjua mwizi kabla sijamwona.

Nilifikia kwa Bi Kidawa. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye minazi yake na ulimi wake, na nyumba ya udongo yenye vyumba vitatu iliyopakwa chokaa mbele tu, nyuma akaiacha ilivyo kwa kuwa nyuma, alisema, hakuna mgeni anayepita. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, chandarua chenye viraka na dirisha dogo lililotazama jiko. Kupitia dirisha hilo nililishwa na kusengenywa. Asubuhi nililetewa chai ya mchaichai na muhogo wa kuchemsha uliotiwa nazi; mchana wali na changu wa kukaanga; na wakati wote huo Bi Kidawa na jirani yake wakinichambua kama sipo. "Mtoto wa watu, kutwa anaandika. Anaandika nini?" "Anaandika dawa." "Mgonjwa?" "Mzima huyo, hebu tazama anavyokula!" Waliniita Bi Hesabu, na jina limenikaa mpaka leo, pale khitmani kuna kikongwe aliniita hivyo hivyo. Nilikuwa nikilala mpaka jua limepanda, sifichi. Chuoni tulizoea kusoma mpaka usiku mkubwa, na Bi Kidawa, kwa heshima ya usomi, hakuniamsha. Nilifika zahanati saa tatu asubuhi kila siku, nikaona nimewahi.

Zahanati yenyewe ilikuwa vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na benchi, meza, na jiko la mafuta ya taa ambalo juu yake sindano za kioo zilichemshwa kwenye sufuria. Kilinuka spiriti na chokaa mbichi. Cha nyuma kilikuwa stoo, na ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa Dresa Hamadi. Alikuwa ameanza kazi ya kufunga vidonda enzi za mkoloni, akapelekwa kozi baada ya uhuru, akarudi akiwa mganga wa zahanati, lakini watu waliendelea kumwita Dresa naye hakujali. Mtu mrefu, mkimya, shati jeupe limepigwa pasi. Alinipokea kwa adabu, akanipa daftari la wagonjwa la miaka minne, akaniambia, "Soma, dada yangu. Yote yamo." Nikasoma. Wiki ya tatu nikapata nilichotumwa. Mwezi mmoja tu, Bi Kidawa, nyumba kumi namba nne, alikuwa ameandikwa ametibiwa homa mara kumi na nne. Bi Kidawa! Mwanamke aliyekwea ngazi kuezeka makuti mwenyewe, ambaye tangu nifike sijamsikia hata akipiga chafya. Na hakuwa peke yake. Walikuwapo wanakijiji wengine saba au wanane walioandikwa hivyo hivyo, wote katika miezi ile ile ambayo dawa ziliisha.

Nilifurahi, na furaha hiyo ndiyo ninayoionea haya hadi leo. Nilimwendea Dresa Hamadi pale mezani, nikamuuliza kwa sauti ya mtu anayejua jibu, "Hizi dawa, Dresa, zinakwenda wapi?" Akainua macho kutoka kwenye sufuria ya sindano. "Zinakwenda kwa watu," akasema. Akarudi kwenye sindano zake. Niliandika kwenye daftari langu kwamba mhusika alikwepa swali. Sikumuuliza Bi Kidawa neno, kwa kuwa nilifundishwa kwamba mtafiti hamwambii shahidi anachokitafuta. Nilikula wali wake, nikalala kwenye chandarua chake, nikamficha. Kibali changu kilinitaka nipeleke taarifa ya awali wilayani, kwa hiyo nikapanda lori la nazi mpaka Kilindoni, nikaikabidhi mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na sentensi moja niliyoipenda sana kwa ulaini wake: inaonekana dawa zinaandikwa kwa majina ya wanakijiji wazima na kuuzwa nje ya zahanati.

Karatasi hukaa wilayani, lakini maneno hupanda lori. Siku ya pili kijiji kizima kilijua. Hakuna aliyeniambia usoni. Nilisikia dirishani, jirani akimnong'oneza Bi Kidawa yaliyotokea kwenye harusi ya mtaa wa pili. Bi Zuhura, mke wa Dresa Hamadi, alikwenda kusaidia kupika kama desturi, akajifunga kanga akaingia jikoni. Mwanamke mmoja akalisogeza pakacha la mchele mbali naye, akasema kwa sauti, "Huyu msimpe mchele, utakutwa gulioni." Wengine wakacheka. Bi Zuhura akajifungua kanga, akatoka, hakurudi tena. Bi Kidawa alisonya mpaka nikasikia kule chumbani. "Nani kalitoa neno hilo Kilindoni?" aliuliza. Jirani akasema hajui. Mimi nilijua, na nikajifanya nimelala.

Siku ya nne Bi Kidawa akaugua kweli. Nilimkuta alfajiri ukumbini anatetemeka, meno yanagongana, kanga mbili hazimtoshi. Nikamshika mkono tukaenda zahanati, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika pale saa kumi na mbili. Benchi lilikuwa limejaa. Wanaume watupu, wengine wamekaa chini, misuli imelowa maji ya chumvi, lafudhi za Kilwa, za Tanga, za Unguja. Walikuwa watu wa dago, wavuvi wa wilaya nyingine wanaokuja kupiga kambi ufukweni kwa miezi michache halafu hurudi makwao. Niliwaona kila siku kwa mbali, vibanda vyao vya makuti na samaki wao wa kuanika, na haikunipitikia hata mara moja kwamba watu wale nao huugua. Walikuja zahanati mapema ili wawahi maji ya kuvulia; saa tatu, nilipofika mimi, walishaondoka. Dresa Hamadi alikaa mezani, kalamu mkononi.

"Mgeni wa nani wewe?" alimuuliza wa kwanza.

"Wa Bi Kidawa."

Akaandika bila kuinua kichwa: Kidawa, nyumba kumi namba nne, homa. Akamhesabia vidonge. Akaja wa pili. "Mgeni wa nani?" "Wa Bi Kidawa, Dresa, tumelala wawili wagonjwa." Akaandika tena. Mimi nilisimama mlangoni nimemshika yule mama, nikazikumbuka zile homa zake kumi na nne. Dresa alipotuona aliinuka haraka, akataka kumpitisha mbele. Bi Kidawa akakataa. Alikuwa hawezi hata kusimama sawasawa, lakini akakaa chini pale sakafuni, akaegemea ukuta, akasema, "Wangu kwanza. Wana safari hao. Mie nina kitanda." Mkebe ulikuwa unakaribia kwisha, kila mtu aliuona. Wakapewa wageni wake wanne, mmoja baada ya mwingine, ndipo akapewa yeye. Nililia pale pale, mbele za watu, na Bi Kidawa akaniambia kwa hasira, "Unalia nini, nimekufa?"

Watu walipoondoka nilimvaa Dresa Hamadi kwa maneno, maana ndivyo nilivyo, nikiwa na makosa napandisha sauti. "Kwa nini hukuniambia?" Akanitazama kwa utulivu. "Uliniuliza?" "Nilikuuliza dawa zinakwenda wapi!" "Nikakwambia zinakwenda kwa watu." Kisha akafungua daftari, akagonga kidole kwenye safu ya pili. "Hapa wanataka namba ya balozi wa nyumba kumi. Mtu wa dago hana balozi. Nikipaacha wazi, wilayani wanaukata mstari, dawa inahesabiwa imepotea. Sasa mtu wa dago ana nini? Ana mwenyeji. Akiugua ni wa mwenyeji. Akigombana, mwenyeji ndiye anayeitwa. Akifa, mwenyeji anamwosha na kumzika. Nimwandike kwa nani mwingine?" Kijiji kizima kilijua hivyo, hata watoto. Hakuna aliyeona haja ya kumweleza msomi jambo ambalo kila mtu analijua. Nikamwambia kuhusu ile sentensi yangu. Akalifunga daftari. "Nimeshapata barua," akasema. "Naitwa kamatini wilayani baada ya wiki tatu. Nilidhani unajua."

Katika maisha yangu sijafanya kazi kama wiki zile tatu. Niliamka kabla ya adhana. Bi Kidawa, akiwa bado na uchungu wa vidonge mdomoni, alinipeleka dagoni mwenyewe, akaniingiza kibanda hadi kibanda. "Huyu ni Bi Hesabu, msimwogope, mpumbavu tu." Nilikaa juu ya marundo ya nyavu, nikala nao ugali na samaki wa kuchoma mwenye mchanga, nikauliza kila mtu jina lake, kwao, lini kaja, lini kaugua, mwenyeji wake nani. Kisha nikarudi kwenye daftari la Dresa na kuoanisha mstari kwa mstari. Haikukosekana dawa. Mistari michache haikuwa na mtu, kwa kuwa mwenyewe alishasafiri, lakini wenyeji walimkumbuka kila mmoja: huyu alikuwa na kigugumizi, huyu alimwoa mtoto wa fulani akamwacha. Nikamwandikia msimamizi wangu kwamba matokeo yamebadilika. Jibu lake lilikuwa fupi. Matokeo ya mwanzo yalikuwa safi, alisema, na muda wa udhamini wangu unakwisha. Nikiibomoa kazi yangu mwenyewe sasa, asinilaumu mtu nikirudi bila shahada. Niliisoma barua hiyo mara mbili, nikaogopa kweli. Sikuwa na kazi ya kurudia wala mtu wa kunilipia mwaka mwingine.

Kamati ilikaa kwenye chumba chenye meza ndefu, chai ya rangi na maandazi. Dresa Hamadi alikaa peke yake kwenye kiti cha mwisho, shati lake jeupe, mikono mapajani. Mwenyekiti akasoma sentensi yangu kwa sauti, na ilisikika vizuri kabisa, kama nilivyoiandika isikike. Nikasimama kabla sijaitwa.

"Ndugu Mwenyekiti, maneno hayo ni yangu, na si kweli."

"Ndugu mtafiti, uliyaandika wewe, kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu. Na leo nayafuta kwa mdomo wangu."

Nikawaeleza yote, pamoja na kuchelewa kwangu zahanati mpaka saa tatu. Wengine walicheka; niliwaacha wacheke. Nikafungua orodha ya majina ya watu wa dago, nikayasoma na miji yao. Mjumbe mmoja akanikata. Alisema sawa, mganga hakuuza, lakini dawa ni za wanakijiji, na hao wa dago wana kwao. Kuwapa ni kosa lile lile. Hapo nikababaika, kwa kuwa kwa mujibu wa mgawo alikuwa na haki. Sauti ikatoka mlangoni. Bi Kidawa alikuwa amekuja na lori lile lile, hakuitwa na mtu. "Samahani wanangu," akasema. "Huyo nguru mnayemla hapa Kilindoni kila siku, kavuliwa na nani? Mmewahi kumuuliza namba ya balozi? Na mbu je? Mbu akishamuuma mgeni wangu akaja kuniuma mie, nimwambie ngoja kwanza, huyo uliyetoka kwake hakuandikishwa?" Chumba kizima kiliangua kicheko, na yule mjumbe naye akacheka. Hoja hiyo ya mbu ndiyo sura ya tatu ya tasnifu yangu. Nimeivalisha maneno ya kitaalamu na milinganyo miwili, lakini ni yake, na nimeandika hivyo kwenye ukurasa wa shukrani.

Dresa Hamadi aliachiwa kazi yake. Akapewa onyo la kuandika wageni kwa majina yao, na wilaya ikaomba safu mpya daftarini na mgawo wa ziada kwa msimu wa dago. Ulikuja nusu ya tulioomba, lakini ulikuja, na uliendelea kuja. Shahada nayo niliipata. Msimamizi alitaka niifute sura niliyoelezea kosa langu. Nikamwambia nikiifuta hiyo, tasnifu haina kitu. Mtahini wa nje aliisoma, akaniuliza maswali kwa saa nzima, kisha akanipa mkono. Baadaye, nilipokaa kwenye meza zinazogawa dawa za nchi nzima, watu walinichoka kwa swali langu moja: nani yupo pale ambaye hatukumwandika? Halikuwahi kukosa jibu.

Lakini siku ile ya kamati ilikuwa bado haijaisha. Tulirudi kwa lori, juu ya magunia, Bi Kidawa akisimulia ushindi wake kwa kila abiria. Tuliposhuka nikamwomba Dresa Hamadi radhi, nikamwomba tena. Akaniambia, "Kazi umenirudishia, dada yangu. Mimi nimekusamehe, wallahi. Sasa nenda kwa mke wangu." Akaelekea zahanati, akaniacha barabarani.

Nilitamani Bi Kidawa anisindikize. Akakataa, akasema hilo si lake. Nikaenda peke yangu. Bi Zuhura alikuwa jikoni kwake amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Alinijibu salamu yangu bila kusimamisha mkono. Nikakaa chini, nikamweleza tangu barua za wizara mpaka chumba cha Kilindoni. Nikamwambia mumewe hakuiba hata kidonge kimoja, mwizi wa jina lake nilikuwa mimi, na pakacha lile la mchele niliogopa hata kulitaja lakini nikalitaja. Alikuna nazi yote ikaisha. Akakung'uta mikono, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Hayo umenambia mie," akasema. "Mie nilikuwa nayajua. Simama utoke uani, uyaseme tena, kwa sauti, jirani wasikie."

Nikasimama. Ng'ambo ya ua wa makuti palikuwa na wanawake watano au sita wanatwanga, na walishaacha kutwanga. Nikataja jina langu, nikataja jina la mume wake, nikaanza tena tangu mwanzo.